Kwa Utakayelifungua Gunia

Mimi ndiye niliyelishona gunia hili,
hapa Isyonje, saa kumi na moja alfajiri,
ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kusogea.
Sikujui. Hunijui.
Lakini mkono wako ndio wa kwanza
kugusa fundo nililolifunga kwa vidole vilivyokufa ganzi,
basi tumekwisha kupeana mikono.
Ugonile. Umelalaje huko uliko?

Karatasi nimeichana kwenye daftari la Tusajigwe,
ukurasa wa hesabu alizokosa.
Hiyo kalamu nyekundu si yako, usishtuke.

Viazi kwanza.
Vile vikubwa vya juu vimepangwa vikuone.
Vidogo viko katikati, vimejificha.
Niliambiwa nifanye hivyo nikafanya,
kisha nikaona haya, ndiyo maana naandika.
Usivianike juani, vitageuka kijani na kuwa vichungu.
Kilichooza kitoe leo hii.
Watu wa pwani husema samaki mmoja;
huku hatuna samaki,
ila harufu tunaijua.

Kama umelifungua ukiwa na deni,
usikope ili ulipe mkopo.
Mimi nilikopa kausha damu nikalipe kikundi,
wakaja kuchukua godoro
mtoto akiwa bado amelilalia.
Nenda mwenyewe kwa anayekudai, kabla hajaja.
Mdeni aliyebisha hodi hupewa kiti.
Aliyefuatwa hutolewa kiti.

Na kama unalia,
anza kumenya vitunguu,
watu wasikuulize.

Sasa lile lililonikaa kooni.
Mwaka ule wa kura alikuja mgombea,
akatafuta mahali pa juu pa kusimamia,
akapanda kwenye mizani yetu ya viazi.
Akaapa: lumbesa mwisho!
Gunia litakuwa gunia,
halitavishwa tena kilemba cha kamba kichwani.
Tukapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.
Chini ya viatu vyake mshale ulisoma tisini na mbili.
Ndilo neno pekee la kweli lililosemwa siku ile.

Alitugawia vitenge. Nilichukua.
Kina joto, sitakudanganya,
na baridi ya Juni huku haina chama.
Msimu uliofuata likaja lori lake,
likataka lumbesa,
kilemba juu ya kilemba.
Nani aliyeshona?
Mimi, nimejifunga kitenge chake kiunoni.
Nilifungua kinywa nimuulize dereva wake,
nikajiona nilivyovaa,
nikafumba.

Ambilikile, mpimaji wetu, hakufumba.
Mshale ulisema mia na thelathini,
akaandika mia na thelathini.
Wakamwambia andika mia.
Akaandika tena mia na thelathini,
kwa herufi kubwa zaidi.
Siku hizi anaziba pancha za baiskeli pale njia panda,
mafuta ya mnyororo yamejaa kwenye kucha.
Hakuna aliyempigia vigelegele.
Ila mtu akitaka kumwachia mwenzake fedha,
humwachia Ambilikile.

Kwa hiyo, wewe nisiyekujua,
wakija kwenu na vitenge, na kama ni kofia, sijui,
siwezi kukwambia usipokee,
mimi ni nani?
Nakwambia tu: ukipokea, usikivae
siku ya kuuliza swali.
Na mwenye kusema sana akiwa juu,
tazama chini ya viatu vyake.

Lori linapiga honi. Yamebaki magunia kumi na tisa
na sindano imeanza kupinda.
Hili lako sikulivisha kilemba.
Nitakatwa fedha, najua. Limeshapita.

Usilitupe. Likung'ute tope,
lirudishe kwa utingo.
Magunia hurudi huku matupu, yamekunjwa,
nami kabla ya kujaza
huingiza mkono mpaka chini kabisa,
huenda kuna mtu ameniandikia.